Satini Nyeupe na Mikono Yangu

Jumatatu, 2 Februari 1976
Leo tena! Blauzi ya hariri, doa la maji begani. Mteja kauliza kama tumeimwagia chai. Bi Zeina, mwenye duka, kasema ni pasi. Kanikinga. Mteja alipotoka Bi Zeina akanigeukia: Mektilda mwanangu, mikono yako hiyo! Kuanzia kesho nipinde kaniki tu, nyeusi haionyeshi jasho. Kaniki! Mimi! Shomari, fundi mwenzangu, anasema ni woga. Woga wa nini? Nashona kumshinda.

Jumatano, 4 Februari
Zahanati. Foleni mpaka nje. Daktari kijana, mpole. Nikampa mkono makusudi, aone. Kaona — tone likaanguka mezani kwake! Akauliza: usingizini je? Mikavu. Nyayo? Zinalowa, kandambili zinateleza. Kwenu yupo mwingine? Baba. Kanisani kijijini kwetu Kilema alikuwa hampi mtu mkono, watu wakasema ana kiburi. Maskini baba.

Basi ni ugonjwa, kasema. Tezi za jasho nzima kabisa, ila mishipa ya fahamu inaziamrisha kupita kiasi. Si uchawi, si kifua kikuu, hauambukizi. Wasiwasi huuzidisha, lakini sio chanzo. Nikamwomba arudie hapo. Karudia! Dawa ya maji, nipake usiku mikono ikiwa mikavu. Huenda isikaushe yote.

Nimepita Kariakoo yote bila kuficha mikono.

Jumapili, 8 Februari
Dawa inawasha. Mkono wa kulia afadhali. Wa kushoto mbishi.

Alhamisi, 12 Februari
Mama Mauza kaleta satini ya gauni la arusi la bintiye. Nyeupe pee! Imetoka kwa ndugu zao Unguja, na madukani hapa hakuna hata kipande. Bi Zeina akawa anamkabidhi Shomari. Nikasema, nipe mimi. Mteja alipoondoka nikamweleza Bi Zeina yote, tezi, mishipa, dawa. Nikamwonyesha glavu nilizojishonea za kitambaa cha marekani, jozi sita, nyembamba. Akauliza: na ukiiharibu? Siiharibu, Bi Zeina. Kaniangalia weee. Kisha kaisukuma satini upande wangu.

Jumamosi, 14 Februari
Mama Mauza kaingia bila taarifa, kasimama nyuma yangu. Mikono hiyo! Glavu chapachapa. Zamani ningekimbilia uani. Leo nikasimamisha cherehani, nikazivua mbele yake, nikajifuta, nikavaa nyingine.

— Unaumwa, binti?
— Ndiyo, mama. Ugonjwa wa jasho. Hauambukizi. Satini yako kavu, shika.

Akashika. Kapitisha kidole mshono mzima, pole pole, mpaka kiunoni. Hakusifu. Hakuichukua pia. Shomari kaacha kukata, anatazama.

Mwishowe akauliza Jumatatu tunafungua saa ngapi. Anataka kukaa aone mikono ya gauni ikiungwa, mwanzo mpaka mwisho.

Na aje. Nitamwekea kiti karibu na cherehani.