Wageni Ubaoni

Kalemie, Ijumaa, 10 Machi 2000

Kwa Yaya Djafari, kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kigoma, na kifua chako kimepoa. Sisi hatujambo. Papa anakohoa kidogo, na Mama amekwisha kufua kanzu yako ya Idi na kuitundika mlangoni. Barua hii anakuletea Mama Mouna, yule anayeuza mawese. Tafadhali isome kabla hujapanda boti.

Ijumaa iliyopita Mwalimu Barthélemy wa fizikia alinitaka nieleze jambo mbele ya darasa. Wewe wanijua mimi na kusimama mbele ya watu. Nikachukua daftari lako la chuo, lile la oksidi ya shaba. Nilieleza kwamba shaba na oksijeni zimepangwa tabaka kwa tabaka, na kati ya tabaka hizo kuna chembe za lantani. Ukitoa chache na kuweka za strontiamu, ambazo ni kubwa zaidi, majirani wanasukumwa, vijumba vya oksijeni vinabadili mwinamo wao, na fuwele zima linageuka umbo. Likipozwa sana, umeme unapita ndani yake bila upinzani wowote. Kazi hiyo inaitwa dopage. Mwamba, mwenzetu wa darasa, akauliza kutoka nyuma kama njo ile ya wachezaji wa mpira wanaomeza dawa za nguvu, na kama shaba nayo itafukuzwa uwanjani. Tulicheka wote, hofu ikanitoka.

Kwa kuwa Kifaransa changu kiliwachosha, niliandika ubaoni kwa Kiswahili: Wageni wachache wakiingia, nyumba yote inapinda. Wakizidi, upinzani unarudi.

Ilikuwa zamu yangu kufuta ubao. Sikufuta. Mwalimu alikuwa amesifu mwandiko wangu, nami nilitaka darasa la mchana liuone.

Jumamosi askari walifanya mkutano katika darasa letu. Unajua hapa mjini watu wanamwita nani mgeni: ni wao hao, waliovuka mpaka na bunduki. Walimchukua Mwalimu hadi kwenye biro yao, ile ofisi wanakohoji watu. Aliwaambia mgeni ni strontiamu. Mkubwa wao akacheka, akauliza huyo Strontiamu analala kambi gani. Mwalimu akasema basi maneno ni yake, hakuna mtoto aliyeyatunga.

Jumatatu niliitwa mimi. Nilipita karibu na Mwalimu, amekaa sakafuni bila viatu, kisha wakaniingiza chumba kingine.

Yaya, sasa nikuambie. Waliniuliza ni nani hasa aliyenifundisha. Daftari lilikuwa mkobani. Nilisema ni la kaka yangu. Wakasoma jina lako kwenye ukurasa wa kwanza. Wakauliza uko wapi, nikasema Kigoma. Wakauliza utarudi lini. Mimi ambaye darasani nasubiri kuulizwa mara tatu, nilijibu hapohapo: Idi.

Jioni ile Mwalimu aliachiwa. Tangu Jumanne watu wawili wanakaa bandarini, wanasoma vitambulisho vya vijana wanaotoka Kigoma.

Usije. Papa na Mama sijawaambia. Mwandikie Mama kwamba kazi imekuzuia, nami nitaikunja kanzu.

Papa anakusalimu, na Mama anauliza kama bado unapenda mikebuka ya kukaanga. Mwalimu Barthélemy pia anakusalimu. Anasema Mungu njo alimfungulia mlango, na anamshukuru kila siku. Nami naitikia amina.

Mdogo wako,
Zaina