Funza Chini ya Mdomo

Jumamosi, 7 Januari

Kuna funza kwenye friji yangu. Wazima kabisa. Wako ndani ya kikopo chenye vumbi la mbao, kati ya siagi na maziwa ya Tove, na kila nikifungua mlango nawaona wakijinyonganyonga. Nimewafunika kwa karatasi ya alumini. Haikusaidia — sasa siwaoni na ndiyo nawawaza zaidi.

Yote haya kayaleta Roald. Binamu yangu huyu kahamia Arizona kukimbia baridi, kaniachia kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, keekee ya kutobolea matundu kwenye barafu, na ndoo moja ambayo kazi yake sitaki kuiandika. Kila mwanamume wa mji huu angeshukuru kwa magoti. Mimi natengeneza miwani. Kutwa nzima nashika vioo kwa kitambaa laini, alama ya kidole tu inaniharibia siku. Samaki hata dukani nampita nikiangalia pembeni.

Lakini nifanye nini? Wanangu wawili, Maren na Tove, ninao Jumamosi na Jumapili tu. Nimewapeleka makumbusho ya treni — Maren alipiga miayo mpaka mlinzi akamletea kiti. Nimewaonyesha stempu zangu — Tove akailamba ile ya zamani kuliko zote. Tumekwenda kuteleza kwenye barafu, nikaanguka mimi, nikachechemea wiki nzima. Na juzi Joanne, mama yao, kapiga simu. Alizungumza kwa upole, na upole wa Joanne nimeishi nao, naujua. Maren sasa ana miaka kumi na moja, anasema, ana marafiki zake na mambo yake. Twende hivi hivi mpaka mwanzo wa Machi, halafu wasichana waamue wenyewe: waendelee kuja kwangu kila wikendi, au mara moja moja tu.

Mara moja moja! Kama mtu anayekwenda kung'oa jino.

Basi, funza wa chambo. Kesho tunaenda ziwani.

Jumapili, 8 Januari

Nimeoga mara mbili na bado nanuka.

Kile kibanda! Zulia limelowa maji ya samaki wa miaka yote ya Roald, halafu unawasha jiko la gesi na harufu yote inaamka. Ukutani kuna magamba yaliyogandia. Yanang'aa. Tove, ambaye nyumbani tunabembelezana nusu saa aende chooni, aliiona ndoo akataka kuitumia palepale. Akaitumia. Akaisifu. Nani aliyekwenda kuimwaga? Baba mtu.

Nilikuwa nimemshika funza kwa koleo ndogo ninayoshikia skrubu za miwani, namtafutia pa kupitisha ndoano, mlango ukafunguliwa bila hodi. Huko hakuna anayebisha hodi. Akaingia Bi Darlene wa kibanda cha jirani, mstaafu, aliyeendesha basi la shule maisha yake yote na bado anaongea na watu kama wamekaa kiti cha nyuma. Aliniangalia, akaiangalia ile koleo.

"Baba Maren, unamvisha ndoano au unampima macho?"

Wasichana wakacheka mpaka wakashikana. Haya, koleo nikairudisha mfukoni.

Halafu akatuambia funza wetu wanaganda ndiyo maana samaki hawali, na chambo kilichoganda samaki hawakitaki. Akauvuta mdomo wake wa chini tuone anavyowatunza wake. Walikuwa pale. Wamekaa kati ya mdomo na fizi, wanene, weupe, wanacheza. "Hapa hakuna baridi," akasema, na alikuwa akiongea nao humo humo mdomoni!

Nilitoka nje. Nikaangalia mbingu. Nikahesabu vibanda vya watu ili nisitapike mbele ya wanangu.

Niliporudi, Tove alikuwa kafumba mdomo, macho yanamtoka kwa raha. Na Maren — Maren wangu anayekata kingo za mkate, anayefuta uma wa mgahawa kabla ya kula — alinitazama. Alinitazama sana. Kisha akamnyooshea Bi Darlene kiganja. "Na mimi nipe."

Akawaweka! Kisha akatabasamu, kwa kubana kidogo, maana mdomo umejaa. Sijaona tabasamu la Maren tangu majani yapukutike.

"Unapenda huku, Baba?" akaniuliza.

Nikasema napenda sana. Nikasema nilikuwa nangojea tu mtu wa kuja naye. Uongo mkavu, na ulinitoka bila kukwaruza koo. Tulirudi na visamaki viwili vyenye mistari, nikaendesha gari madirisha wazi, masikio yakauma njia nzima.

Jumamosi, 21 Januari

Tena. Wametaka wenyewe. Maren ndiye aliyekumbusha funza. Nimepasua samaki kwa mara ya kwanza maishani mwangu na ndani kulikuwa na samaki mwingine, nusu kaliwa. Tove kamwita mtoto wake. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 5 Februari

Leo jua limetoka, theluji ikawa rojo, maji yakatuama juu ya barafu na kuingia kibandani mpaka kwenye soksi za Tove. Soksi zikanuka. Kila kitu kinachogusa lile zulia kinanuka.

Bi Darlene hakuwepo, kaenda kwa mjukuu. Basi nikajituma mwenyewe. Nilichukua koleo la theluji nikalijaza lile rojo kuzunguka kibanda chote, nikalipigapiga likashikamana, upepo usipite chini. Nilijiona mwanamume wa ziwani kwelikweli. Wengine walikuwa wanainua vibanda vyao na kuviweka juu ya vipande vya mbao, sijui kwa nini, kazi ngumu bure. Mzee mmoja alipita akanitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wivu.

Maren akanisaidia kupigapiga. Pua imemgeuka nyekundu. Alikaa karibu nami muda wote, bega kwa bega. Kwa bega lile naweza kuvumilia mengi.

Jumamosi, 18 Februari

Nimembusu samaki.

Niandike vizuri, maana kesho nitadhani nimeota. Kuna samaki wa humu wanamwita pauti. Mwili kama mkunga, kichwa cha kambare, kidevuni unywele mmoja wa nyama. Ute tupu. Kipindi hiki wanazaana chini ya barafu na wanakula ovyo. Alinasa kwangu. Nikamtoa tunduni, nikamshika, na yeye akauzungusha mkia wake kwenye mkono wangu, akaubana. Samaki! Kanikumbatia!

Nikapiga kelele. Bi Darlene akaja mbio, akamwona, akafunga mlango nyuma yake kwa furaha.

"Pauti wa kwanza anabusiwa, Baba Maren. Usipombusu hupati kitu tena msimu wote."

"Mimi nimeridhika na nilichopata," nikasema.

"Ndugu yako Roald alimbusu wake akiwa na miaka minne."

"Mbusu, mbusu," Tove akaanza, akigonga ndoo. Ndoo ile.

Nikambusu. Ute ukabaki mdomoni, mnene, wa baridi, na una ladha — hilo ndilo lililonimaliza, kwamba una ladha. Tove akambusu mara tatu na kumpa jina. Maren akafumba macho, akambusu haraka, akajifuta kwa mkono wa koti alipodhani nimegeuka.

Jioni nikampika wanavyompika: vipande ndani ya soda tamu inayochemka, kisha siagi. Wasichana wakasifu. Nikasifu. Nikaenda chooni, nikafungulia bomba lipige kelele, nikarudisha vyote.

Maren alikuwa nyuma ya mlango. "Baba, unaumwa?"

"Nimekula kupita kiasi, mwanangu. Tamu."

Akakaa pale kidogo, nilikiona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. "Na mimi nimeshiba," akasema. "Nilimpa Tove changu."

Jumatano, 1 Machi

Joanne kapiga. Jumapili jioni akija kuwachukua, Maren atatoa jibu. Tove atafuata la dada yake. "Usimsukume," kaniambia. Nimsukume! Mimi ninayebusu samaki ili nisimsukume.

Na vibanda vyote lazima viwe vimetoka ziwani ifikapo Jumatatu, ndiyo sheria, barafu isije ikavimeza. Kwa hiyo Jumamosi ndiyo ya mwisho. Nilidhani nitafurahi. Badala yake nimekaa jikoni nawatazama funza. Wakiondoka hawa, nabaki na nini cha kumpa mtoto wa miaka kumi na moja? Stempu zilizolambwa.

Bado wananitia kinyaa. Nimewahamishia droo ya mboga.

Jumamosi, 4 Machi

Naandika hapa hapa kibandani, daftari juu ya goti, tunamsubiri Bi Darlene alete pikapu na mnyororo.

Kibanda hakitoki. Lile rojo nililolipigapiga kwa majivuno limekuwa jiwe. Limeshika kuta pande zote nne mpaka usawa wa goti, zulia limekuwa kitu kimoja na ziwa. Kumbe ndiyo maana ya vile vipande vya mbao! Watoto wa miaka sita humu wanajua. Watu wamekuja kutazama. Mmoja kaniuliza kama nimeamua kujenga ya kudumu. Mwingine kashauri niweke sanduku la barua.

Nimekata barafu kwa shoka tangu asubuhi. Barafu yenyewe si ya maji safi: ni ya maji ya samaki, ya funza waliodondoka, na ya siku ile ndoo ilipopinduka. Kila shoka likitua vipande vinanirukia usoni. Kimoja kimeingia mdomoni. Nimetema mpaka mate yakaisha.

Nilikuwa nyuma ya kibanda, nimepiga magoti, nimepumzika kidogo. Ukuta wa pale ni ubao mwembamba. Wasichana walikuwa ndani wanavua kwa mara ya mwisho.

"Wangu wananitekenya," Tove alisema. "Una wako?"

"Chukua na hawa. Mimi siwezi tena, nitatapika."

"Si unawapenda?"

"Nani kakwambia? Nawachukia tangu siku ile ya kwanza. Wanatembea kwenye meno. Na lile lisamaki lenye unywele, nililiota."

"Sasa mbona unawawekaga?"

Maren akasema, kwa sauti ya mtu mzima, sauti ya Joanne kabisa: "Kwa sababu Baba anapenda. Hukumwona uso wake siku ile alipotoka nje? Alikuwa anataka kulia kwa furaha. Hana kitu kingine, Tove. Nikisema sitaki, atakaa huku peke yake na ile ndoo."

"Mimi nitakaa naye. Mimi nawapenda."

"Wewe unapenda kila kitu. Nyamaza, shoka limenyamaza."

Nikaanza kukata tena. Nilikata kwa nguvu na kwa haraka, wasikie, wajue sikusikia. Sikuwa naona ninapokata.

Majira ya baridi yote! Mimi nameza kinyaa changu kwa ajili yake, na yeye kajaza chake chini ya mdomo kwa ajili yangu. Nilimwona anajifuta kwa mkono wa koti. Nilikiona kivuli chini ya mlango. Mimi mtu wa miwani!

Nimeingia ndani kujipasha moto. Tove kalala kwenye benchi, mdomo wazi, na sitaangalia kuna nini ndani. Maren anabandua barafu kwenye glavu yake. Kaniuliza bila kuinua macho:

"Baba, tukishakitoa leo, mwaka ujao tunakirudisha?"

Nimejifanya naandika hesabu ya samaki.

Nikimwambia ndiyo, nimemhukumu msimu mwingine wa funza. Nikimwambia hapana, kesho mama yake atamuuliza, na yeye atasikia kwamba baba hataki. Na nikimwambia kweli — mwanangu, hata mimi nawachukia, kila siku, tangu saa ya kwanza — atahesabu yote niliyomwambia humu ndani. Nilimwambia nilikuwa nangojea tu mtu wa kuja naye. Hilo nililitamka kwa uongo, na sasa ndilo la kweli kuliko yote, na sijui nitalitengaje na mengine alijue.

Bi Darlene kafika. Anapiga honi, anapaza sauti tutoke, mnyororo ameshaufunga, anasema kibanda kitatoka au kitaacha miguu. Tove kaamka, anatafuna. Sitaki kujua.

Maren hajasimama. Sasa ndiyo kainua macho, na pua kaikunja kidogo, kwa harufu, kisha akaikunjua haraka nisione.

"Baba?"

Nimemwambia ngoja, namalizia mstari huu. Anangoja.