Kamera ya Njia Panda

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua nepi, nimeanika. Mvua imerudi, nimeanua. Tumpe anaota meno, haniachi hata nijikune. Baba yake yuko ziwani, anavua usipa.
Mkutano wa kijiji. Mtendaji kasema fedha za halmashauri mwaka huu ni za kamera za polisi, mkoa mzima uonekane palepale kwenye skrini Mbeya. Nikauliza, na chumba cha kujifungulia pale zahanati? "Mama Tumpe, usalama kwanza." Tumpe nilimzaa kwenye benchi. Nimechukia.

Ijumaa, 7 Machi
Wamesimika moja juu ya nguzo hapa njia panda ya Ngonga. Eti magendo ya mpakani Kasumulu hupita huku. Jirani yangu Sekela anacheka: "Jitande vizuri, dada, Mbeya wanakutazama." Sikucheka.

Jumanne, 11 Machi
Nimekamatwa.
Tumpe nilimwacha kwa Sekela, mchele kichwani, naenda kuuza. Njia panda nikamwona baba mkwe anakuja. Nikafanya kama siku zote. Nikaacha njia, nikachutama nyuma ya kibanda, khanga usoni, mpaka apite. Kwetu mke hamtazami baba mkwe, wala jina lake halitaji. Hapa kila mtu anajua. Wa kwenye skrini hajui. Kapiga simu: mwanamke anajificha na mzigo.
Wakanipeleka kituoni mjini.
"Unamkimbia nani?" Askari kijana, si wa huku.
Nikasema, baba mkwe.
"Anaitwa nani?"
Nikatikisa kichwa.
"Unaona? Hata jina huna."
Maziwa yakaanza kuvuja, gauni likalowa. Tumpe hajui chupa. Nikamwambia askari, akaangalia pembeni.
Akaja baba mkwe, watu walimwambia. Kasimama nje, mgongo dirishani. "Ni mke wa mwanangu. Mwachieni."
"Mzee, geuka umtambue."
Hakugeuka. "Uso wake siujui."
Wakacheka. Wakachukua kitambulisho chake. "Haya mama, taja jina lake tulinganishe. La sivyo unalala hapa."
Nikalitaja. Kwa sauti. Alisikia.
Humu siliandiki.

Jumatano, 12 Machi
Jana, mpaka waniachie, Tumpe alilia sauti ikakauka. Leo hataki nimweke chini. Nawachukia wenye skrini, na waliowapa hela zetu. Siku ile ya benchi hakuna aliyetazama.

Jumapili, 16 Machi
Sijaenda kanisani. Baba mkwe hukaa mbele, mzee wa kanisa.
Mchana mama mkwe kaja na mkungu wa ndizi. Kasema mzee ndiye kautuma. Nikashukuru: ndaga. Hakukaa, kambusu mtoto, kaondoka.
Nimemenya ndizi, nimepika. Tumpe kalala na titi mdomoni.
Kesho soko. Nitapita kwenye majaruba ya mpunga. Maji yanafika magotini, ila huko hakuna nguzo.