Malimbuko ya Kisima

Jumatatu, 8 Novemba 1971

Mahindi tena. Mgongo umekufa. Kesho kamati ya kampuni yetu ya ardhi inakutana, eti kuamua nani atapata kipande gani. Tangu tununue hili shamba la mzungu, tunaamua tu.

Kisima futi arobaini na mbili. Maji hakuna. Wachimbaji wamemaliza ule mwamba mweusi, na chini yake kuna jiwe jeupejeupe, laini. Moja lilipasuka katikati. Ndani kuna jani. Mishipa yote inaonekana. Nimeliosha na kuliweka dirishani. Nililitazama mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 13 Novemba

Wanjiru amekuja kutoka mjini, anakofundisha sayansi sekondari. Harusi yake na Samweli ni tarehe kumi na moja mwezi ujao. Tangazo la kwanza la ndoa, kati ya matatu, linasomwa kesho kanisani. Nilimwonyesha jiwe. Alipiga kelele kama mtoto. Amelizungumzia saa nzima, nusu sikuelewa, lakini nilijisikia mkubwa. Binti yangu anajua mambo! Laiti mama yake angekuwepo. Miaka saba tangu tumzike kule kwetu. Shamba hili hakuliona.

Kesho pia ni Jumapili ya mavuno. Kila mtu analeta malimbuko, kitu cha kwanza ambacho shamba limempa. Mimi ni mwenyekiti wa kisima, na kisima kimetoa jiwe. Basi nitapeleka jiwe.

Jumapili, 14 Novemba

Mimi ni mjinga. Wacha niandike nimalize.

Nililiweka kwenye meza ya mbele, kati ya maboga na kuku wa Mama Tabitha. Watu walicheka vizuri. Tangazo la Wanjiru lilikuwa limeshasomwa, hakuna aliyepinga, na kichwa changu kikavimba kwa furaha. Nikasimama, nikasema binti yangu mwalimu atawaeleza. Hakuniomba. Alinitazama kama kusema, Baba, wacha. Nikasisitiza, mbele ya watu wote.

Akaeleza. Mlima ulitapika majivu, jani likafunikwa, moto ukamwagika juu yake ukawa mwamba. Mpaka hapo sawa. Halafu Mama Tabitha akauliza ilikuwa kabla ya gharika ama baada. Wanjiru akasema ni mamilioni ya miaka, hakuna mtu aliyekuwepo, na kwamba viumbe vilibadilika polepole mpaka tukafika sisi.

Kuku peke yake ndiye aliyeendelea kupiga kelele.

Jumanne, 16 Novemba

Mzee Elkana alikuja. Ni mwenzangu kwenye baraza la wazee wa kanisa, na ni mwenyeji wa hapa. Tulipofika na vitanda juu ya lori, wengine walitutazama kama wezi wa ardhi. Yeye alitupokea. Sina neno baya juu yake. Leo alikataa chai, na hapo nikajua kuna jambo.

Anataka Wanjiru atubu mbele ya kanisa, la sivyo matangazo yasimame. Nilikuwa tayari kupandisha sauti. Akasema polepole, "Mimi nimezika watoto watatu. Kitabu kimesema nitawaona. Ukurasa wa kwanza ukiwa uongo, ule wa mwisho nitaushikilia vipi?"

Namfikiria mama Wanjiru. Nina hasira, na sijui namkasirikia nani.

Jumamosi, 20 Novemba

Baraza. Tulikuwa saba. Wanjiru aliitwa. Alisema anaamini Mungu aliumba mbingu na nchi. Lakini hawezi kuapa kwamba kazi ilikuwa ya siku sita kama hizi zetu wakati mawe yanasema mengine, kwa sababu hata mawe ni ya Mungu. Alisema kwa heshima. Akaambiwa angoje nje.

Tukapiga kura. Watatu wakataka aadhibiwe. Watatu wakakataa. Wote wakanigeukia mimi.

Niliinua mkono pamoja na Elkana.

Haya, nimeandika. Niliogopa. Kanisa sikuliogopa. Nililiona kaburi la mama yake, nikafikiri nikikataa nitakuwa nimemfungia humo milele. Upuuzi mtupu. Lakini mkono ulikuwa umeshapanda.

Jumapili, 21 Novemba

Tangazo la pili halikusomwa. Kilichosomwa ni adhabu: Wanjiru atakaa benchi la nyuma, asikaribie Meza ya Bwana, mpaka atubu. Alikaa huko karibu na mlango na kitambaa chake kichwani. Nilisikia sauti yake katika kila wimbo. Mimi nilikuwa mbele na wazee. Shingo ilikuwa inaniungua. Sikugeuka hata mara moja.

Jumatano, 24 Novemba

Nilikwenda kwa Wanjiru mjini. Alikuwa ameshajua nilivyopiga kura. Hapa siri hailali. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Wataoana ofisini kwa D.C., mkuu wa wilaya. Aliniuliza neno moja tu: "Baba, nani aliniambia nisimame?"

Nilichukua kofia nikaondoka. Nilikwenda mpaka stendi bila kusalimia mtu.

Jumapili, 28 Novemba

Nilisimama wakati wa matangazo. Nikasema jiwe nililileta mimi. Mwalimu nilimsimamisha mimi. Kura ya nne ilikuwa yangu, na ninaijutia. Nikasema sijui dunia ina miaka mingapi, na kama mzee wa kanisa haruhusiwi kutojua, basi mniadhibu. Mchungaji alitazama miguu yake. Sikungoja. Nikaenda benchi la nyuma nikakaa.

Wanjiru hakuwepo. Nimechelewa wiki nzima. Kutoka huko nyuma niliona mabega ya Elkana yakitikisika. Alikuwa analia, mzee wa watu.

Jumamosi, 11 Desemba

Kwa D.C. Dakika kumi, sahihi nne, muhuri. Nilivaa koti nililooa nalo. Wanjiru alinipa mkono. Aliniita Mzee. Hakuniita Baba. Nimerudi na bado nina koti mwilini, sijui kwa nini silivui.

Alhamisi, 16 Desemba

Maji! Futi sitini na moja. Akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Elkana alikuja bila kuitwa, akavuta kamba pamoja nasi. Hatukuzungumza habari ya kanisa.

Kila mtu anangoja nipeleke maji ya kwanza ibadani Jumapili. Ndiyo desturi. Niliingia nyumbani, nikatoa kibuyu alichoacha mama Wanjiru, nikakijaza. Elkana alinitazama. Nilishamsimulia ni kibuyu cha nani, na akajua kinakwenda wapi. Akaokota gunzi la mahindi, akalichonga kwa kisu, akaziba mdomo wa kibuyu vizuri maji yasimwagike njiani.

Ijumaa, 17 Desemba

Eldoret, kwa Wanjiru. Samweli alikuwa kazini. Niliweka kibuyu mezani. Nikasema ni malimbuko. Nilikuwa nimepanga maneno mengine tangu asubuhi, yote yakapotea.

Alikishika kibuyu muda mrefu. Akaleta vikombe viwili, akamimina. Maji yana tope kidogo bado. Kabla ya kunywa alifumba macho akaomba, kwa Kikuyu, maneno yaleyale ya mama yake, na akapumzika palepale mama yake alipokuwa akipumzika. Sikutaka kusema amina, yasije yakaisha.

Akasema, "Kunywa, Baba."