Jumapili Niliyonyamaza

Sangailu, 9 Machi 1998

Dada Saru,

Huko Wundanyi hamjambo? Huku mvua imekata barabara, mwezi wa tatu sijafika kanisani Garissa. Kila Jumapili naimba peke yangu chumbani.

Jama, karani wa mifugo, ameniposa. Ni mtu mwema, ila kwao wanataka nisilimu. Nina miaka thelathini na sita, Dada. Usingizi umenihama.

Jana sikuimba. Nilikaa tu kitandani, Biblia nimeifunga. Jirani yangu Hadiyo akabisha hodi, kibuyu cha maziwa ya ngamia mkononi.

“Wallahi, mwalimu, mbona kimya? Watoto wangu wanaijua Jumapili kwa sauti yako.”

Akakaa mlangoni, akangoja. Nikaimba.

Leo asubuhi nimemkatalia Jama. Mama usimwambie kwamba nilimpenda.

Mdogo wako,
Wakesho