Siku Baba Alipoonja Kahawa Yake

Jumatano, Desemba 27, 2006. Moshi mjini.

Joto la leo halina huruma. Mlima uko wazi tangu asubuhi. Naandika kwenye kompyuta ya shangazi, hapa kwenye nyumba yake ya wageni, kabla wapanda mlima hawajarudi wakaitaka. Nikikosea herufi, shajara, unisamehe.

Nianze na mashine.

Shangazi Eliaichi ni dada yake Baba. Wageni wake wamekuwa wakimuuliza inakuwaje wako chini ya Kilimanjaro, mibuni imewazunguka, halafu wanakorogewa kahawa ya kopo. Basi familia moja ya Wazungu ilipouza vitu vyake ili irudi kwao, akanichukua twende kutafuta mashine ya espreso. Tulizikuta mbili. Moja nyekundu, nyepesi, inang'aa kama gari la harusi. Nyingine ya kijivu, nzito, imechubuka ubavuni. Shangazi alikuwa ameshaikumbatia nyekundu.

Nikasoma vijitabu vyote viwili nikiwa nimesimama. Nyekundu inasukuma maji kwa mvuke tu. Ya kijivu ina pampu, na kijitabu kilisema bila msukumo mkubwa kahawa haitoi utamu wake. Nikamwambia. Akanitazama, akaiachia ile nyekundu taratibu.

"Haya, msomi. Ikitushinda, utaibeba mwenyewe kuirudisha."

Tukaipandisha nyumbani Machame siku ya Krismasi, ili tujifunzie kwa kahawa yetu.

Sasa niseme jambo la Baba. Mwaka huu ameamua kung'oa mibuni yote ya kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, apande nyanya. Bei ya kahawa imemchosha. Vijana wa kazi alikuwa ameshawaambia waje leo. Sikumwambia mtu yeyote, lakini nilikuwa na tumaini langu: akiionja, atasita.

Kikombe cha kwanza kilikuwa aibu. Nilikaanga kwenye sufuria, nikatwanga kwenye kinu, nikajaza kikombe cha chuma cha mashine, kile chenye mpini. Maji yakapita mbio kama yanapita kwenye chujio la chai. Nikauchekecha unga, nikaushindilia kwa kitako cha glasi, nikajaribu tena. Safari hii ikatoka polepole, nyembamba kama uzi. Shangazi akaonja, uso ukamkunjamana.

"Hii ni kahawa au dawa ya minyoo?"

Nilikuwa nimetumia kahawa inayoelea. Kwetu, kahawa ikioshwa, inayozama inaanikwa na kupelekwa chama cha ushirika. Inayoelea, ile hafifu, ndiyo yetu. Hakuna aliyetukataza kunywa ile nzuri. Haikutupitia akilini tu. Nina miaka kumi na sita, nimechuma kahawa tangu sijaanza shule, na ile inayozama sijawahi kuinywa.

Nikasema hivyo kwa sauti, mbele ya wote jikoni.

Mama ndiye aliyeinuka. Aliingia stoo, akafungua gunia la mwisho la msimu, lile la chama, akarudi na bakuli limejaa. Nilipigwa na butwaa. Mama yangu haonji hata mchuzi wa sherehe kabla haujaombewa. Akaketi, akaanza kuitwanga taratibu ili maganda yatoke, kana kwamba ni kazi ya kila siku.

Nikaikaanga, nikaipitisha kwenye mashine, na nilipoonja niliogopa. Ilikuwa chungu, halafu uchungu ukaondoka, ikabaki ladha kama ya zambarau zilizoiva. Nilijiuliza ni nini kingine tunacho na hatukijui.

Shangazi akamwita Baba kutoka uani. "Kaka, njoo uonje jasho lako."

Baba alikishika kikombe kidogo cha espreso kwa vidole viwili. "Hiki cha mwanasesere?" Akanywa bila sukari. Kicheko kikamwisha usoni.

"Imetoka wapi hii?"

"Ni ya kwetu, Baba. Ile inayozama."

"Wazungu wanakunywa hii? Huko kwao?"

"Kila siku, kaka," Shangazi akasema.

Akakitua kikombe mezani. Nilisubiri aseme mibuni ibaki. Badala yake alisema, "Kumbe nilikuwa nawapa kitu hiki, kwa bei ile. Jumatano tunaanza na ya karibu na nyumba. Sitaki kuiona."

Sikuwahi kushtuka hivyo maishani. Badala ya kumfanya asite, nilikuwa nimemwongezea hasira mwenyewe.

Leo alfajiri vijana walifika na masururu. Mti wa kwanza ulianguka nikiwa bado nanawa uso. Sikujua kama mbuni una mizizi mirefu namna ile. Nilienda mpaka alipo Baba, nikamwamkia, nikasema kabla woga haujanishika:

"Baba, naomba mstari mmoja ubaki."

"Wa nini?"

"Wa kunywa."

Kijana mmoja akacheka, akamwambia Baba, "Mangi, binti anataka kurithi huyo."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu mabinti hawagawiwi kihamba. Wanagawiwa kaka. Mimi nitaolewa, nitaondoka, kila mtu anajua. Sikuwa nimewaza urithi, naapa. Niliwaza ladha ile tu. Shangazi akadakia kutoka mlangoni, "Mwache acheke. Wewe kaka, nyanya zako nitazitia kwenye mashine?"

Baba hakucheka. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akawageukia vijana.

"Subirini. Achague."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Akarudia, safari hii akinitazama mimi. "Chagua, mama. Utakaochagua ni wako. Lakini utaupalilia mwenyewe, na usije ukaniomba dawa ya wadudu."

Nilichagua mstari ulio kando ya mfereji, kwa sababu huko maji hayakatiki. Mama alisimama jikoni, kashika mwiko, mdomo wazi. Kisha masururu yakaendelea. Hadi saa nne upande wa juu ulikuwa mweupe, na kutoka uani kwetu tukaiona nyumba ya jirani ambayo sijawahi kuiona yote.

Sijui kama nifurahi au nilie. Nimepoteza karibu yote niliyotaka kuokoa. Na nimepewa kitu ambacho hakuna msichana ninayemjua amewahi kupewa. Je, kaka zangu walio mbali wakirudi watasemaje? Baba atakumbuka neno lake nikiwa mkubwa?

Mchana nilishuka na Shangazi kuleta mashine hapa, na sasa anataka nibaki mjini mpaka Mwaka Mpya nimfundishe mpishi wake kushindilia kahawa. Nimekataa kwa adabu. Kesho asubuhi napanda Machame. Mstari wangu una magugu.