Kuku Asiyekuwa na Firigisi

Mke mwenzangu, Mama Shabani,

Mpendwa sikuiti. Miaka yote tuliyokaa uani pamoja hukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu, na kufa hakujakufanya uwe mwanamke mwingine. Ulikuwa mvivu, na mvivu akizikwa ni mvivu aliyezikwa. Anayeandika ni Zaituni, binti wa Shabani wako, maana mimi shule niliiona kwa nje nikipita na ng'ombe. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake sukari.

Ni kiangazi. Shule zimefungwa na wajukuu wamejaa hapa Iguguno mpaka kuku wamehamia kwa jirani. Upepo wetu unaujua, unatia vumbi mpaka ndani ya unga. Vichwa vya alizeti vimelala uani na watoto wanavipiga fimbo kana kwamba vimewatukana. Asubuhi wanagombea jua ukutani. Baadaye wanakwenda na madumu kuchota maji kwenye mchanga wa korongo, wanarudi na nusu dumu na hadithi nyingi. Na kila siku kuna mablanketi mawili matatu yananuka mkojo, mwenyewe hajulikani. Enzi zetu tulijua. Mkojo ulikuwa wa Shabani.

Nakumbuka ulivyoletwa. Mzee wetu alikusifu wiki nzima, nami nikakutazama mikono tu, laini kama ya mtu anayeosha vyombo kwa macho. Ugali wako wa uwele ulikuwa na madonge ya kumpasua mtu kichwa, na mlenda wako ningeweza kunawia miguu. Jua likiwa kichwani, wakati mimi natwanga, wewe ulitandika ngozi ya ng'ombe kivulini ukalala, na watoto wote wakajibanza kwako kama vifaranga, wangu na wako, huyu kichwa kifuani, yule mguu shingoni. Nilikutukana kwa kila pigo la mchi. Ukafungua jicho moja ukaniambia, "Dada, njoo ulale. Mtama hauna miguu."

Sikuja. Siku moja nilikuja. Hilo tusilizungumze.

Ninachotaka kukukumbusha ni ule mwaka mvua ilipotunyima, watoto wakala mlenda mpaka midomo ikasahau kazi yake ya kutafuna. Akaja mgeni wa mzee, akachinjwa kuku mmoja. Na mzee, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa haki popote isipokuwa mbele ya bakuli la kuku. Firigisi ni ya mwenye nyumba, nani asiyejua. Mama yangu alinifunza hivyo kabla hajanifunza kujifunga kanga.

Nikaingia jikoni nikakukuta umeitoa firigisi kwenye chungu, umeiweka juu ya kifuniko, unaikata vipande kama punje za mahindi. Watoto wamejipanga, viganja mbele. Nikakuuliza una wazimu gani. Ukasema, "Nakata mpaka mikono iishe." Nikakuuliza mikono mingapi. Ukaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Watoto hawahesabiwi, Dada."

Wewe usiyejua kusonga ugali, hilo ulilijua.

Ukawaambia watafune midomo ikiwa imefumbwa. Mzee akachokoa bakuli, akachokoa tena, akaita. Firigisi iko wapi? Nawe, bila hata kupepesa jicho, ukajibu, "Mzee, kuku huyu hakuwa nayo." Akageuka akanitazama mimi, maana alijua wewe muongo na mimi siyo. Nikasema wako kuku wa namna hiyo, kwa baba yangu tuliwahi kuwa naye mmoja.

Mpumbavu yule akaamini. Akatafuna paja akinung'unika kwamba kuku wa siku hizi wameharibika. Na tangu siku ile, Mama Shabani, ni kuku wangapi waliochinjwa katika nyumba hii bila firigisi? Mzee alikufa akidhani Singida yote imeingiliwa na ugonjwa.

Sasa sikiliza habari za mwanao.

Amekuja juzi kutoka Shelui, ana duka la matairi pale barabarani, na tumbo limetangulia mbele yake kama mtu anayemfungulia njia. Amekuja na gari la matofali na fundi. Shikamoo yake aliitoa akiwa anaangalia ardhi, anapima. Anataka kujenga ukuta katikati ya uani, kati ya nyumba yako na yangu. Kila mtoto ajue upande wa bibi yake, anasema. Ni kuepusha maneno baadaye. Nikamuuliza maneno gani, wakati maneno yote ya nyumba hii nayasema mimi na bado sijafa.

Huyo ndiye Shabani, aliyenyonya kwangu ulipolazwa na homa, akaning'ata, na alama ninayo.

Kisha akafanya jambo la aibu. Akasimama uani akaanza kuwanyooshea watoto kidole, huyu wetu, huyu wa kule, huyu wetu. Akawahesabu, Mama Shabani, kama matairi. Watoto waliacha kupura alizeti wakasimama na fimbo zao. Chausiku, yule mtoto mdogo wa binti yangu Mwajuma, akamuuliza, "Mjomba, mimi niende wapi?" Kidole kikapita kwa mwingine. Zaituni naye alikuwa amemshika Chausiku mkono, wala hakumwachia. Nimemwambia aandike na hilo, ameinamisha uso, lakini anaandika.

Fundi akavuta kamba yake kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye mti wa kufungia ndama. Kesho yake asubuhi nikatoka na mablanketi ya mkojo, nikayaanika yote kwenye ile kamba. Fundi akasema, "Bibi, hiyo ni kamba ya kupimia." Nikamwambia naona, mimi napima nani kakojoa zaidi, upande huu au upande ule, maana mwenye ukuta anapenda mambo yajulikane. Fundi akacheka. Shabani akatazama matofali yake. Kamba ikalegea mpaka chini, watoto wakaanza kuiruka.

Lakini kamba siyo ukuta. Nilijua akishaweka tofali la kwanza sitaweza kulishusha, mimi mzee, na wanangu wa kiume wako mbali. Ikabidi nifikirie. Kufikiria kwangu huwa kunaanzia jikoni.

Nikachinja jogoo. Nikamwekea Shabani mkeka na fundi wake, ugali laini usio na madonge, yaani usio wako, na bakuli limejaa nyama. Akanawa, akachokoa. Nilikuwa mlangoni mwa jiko nimeshika kiuno. Akachokoa tena.

"Mama Mkubwa, firigisi iko wapi?"

"Kuku huyu hakuwa nayo."

Fundi akaangua kicheko, akauliza wapi duniani aliwahi kuonekana kuku wa hivyo. Shabani hakucheka. Mkono wake ulibaki ndani ya bakuli. Akainua macho akatazama nyuma yangu, jikoni, ambako watoto wote walikuwa wanatafuna, midomo imefumbwa.

Akainuka. Akasahau kuinama, akagonga kichwa kwenye mlango, maana mlango ule ulijengwa kwa watu wenye adabu. Akasimama mbele yangu, mwanamume mzima na saa ya mkononi, akanyoosha kiganja.

Nikamwambia, "Nilikata mpaka mikono ikaisha. Wewe ulikuwa nje unajenga."

Kifuniko kilikuwa kitupu, sikumdanganya. Mwanao akabaki amesimama na mkono wake hewani. Ndipo Chausiku akatoa kile kipande chake kinywani, kimeshatafunwa nusu, kina mate, akakiweka katikati ya kiganja kile. Alikuwa amefumba mdomo kama alivyofunzwa.

Shabani akakila. Akakitafuna muda mrefu kuliko kilivyostahili, akigeukia ukuta wa jiko ili nisione uso wake. Kana kwamba mimi, niliyemfuta kamasi, kuna kitu usoni mwake sijakiona.

Jioni fundi aliondoka na vifaa vyake. Kamba wameiacha. Shabani hajasema neno juu ya ukuta, wala sikumuuliza, maana mwanamume akishaaibika usimgeuze geuze, atavunjika kama samaki. Leo asubuhi nimewaambia watoto wachukue yale matofali wajengee banda la kuku. Shabani aliwaona. Akavua saa, akachanganya udongo, na bado hajui kuchanganya udongo, mikono yake ni yako.

Nilikaa nao uani mpaka jua lilipokuwa kali. Kisha wakatandika ngozi kivulini wakalala, na katikati yao lile tumbo la Shabani linapanda na kushuka, Chausiku juu yake. Mtama wangu uko kwenye kinu. Nimeuacha. Hauna miguu.

Haya. Zaituni kachoka na mimi nasinzia. Wewe lala, Mama Shabani. Hiyo ndiyo kazi pekee uliyoijua, nami sasa ninajifunza.

Mke mwenzako mkubwa